Msumeno Ulikuja Mwisho: Kiwanda cha Mbao cha Shume na Msitu wa Usambara



Nimeombwa nizungumzie viwanda vya kupasulia mbao vilivyojengwa milimani mwanzoni mwa karne ya 20. Nimechagua kimoja, kile cha Shume, juu ya Lushoto, katika Milima ya Usambara Magharibi. Kilimilikiwa na kampuni ya Kijerumani iliyoitwa Wilkins & Wiese, na mahali kilipokuwa Wajerumani walipaita Neu-Hornow. Nimekichagua kwa sababu katika muda usiozidi miaka 20 mlima huu mmoja ulikusanya yote yanayohitajika ili msitu utoke mikononi mwa watu wake: sheria, soko, reli, waya, vibarua, na mwisho msumeno.

Hoja yangu leo ni moja, nami nitaisema mapema ili mnipime nayo hadi mwisho. Msumeno ulikuja mwisho. Gogo la kwanza la mwangati lilipofikishwa kiwandani, msitu wa Shume ulikuwa umekwisha kupata mwenyewe mpya miaka mingi nyuma, kwa karatasi iliyotiwa saini mbali na mlima. Tukianza hadithi kwa mlio wa mashine, tunakuwa tumechelewa. Na anayetaka kulinda misitu ya leo kwa kukamata misumeno peke yake, naye anafika kazi ikiwa imekwisha.

Mlima na watu wake

Wanaoijua barabara ya kutoka Mombo wanakumbuka jinsi ukuta wa Usambara unavyosimama ghafla kutoka nyikani. Chini, kuanzia Mombo kupitia Mazinde hadi Mkumbara, ni joto, ukame na mashamba ya mkonge. Juu, kwenye uwanda wa Shume, karibu na mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kuna baridi na ukungu. Uwanda huo uko upande wa kaskazini-magharibi wa milima, upande unaopata mvua kidogo kuliko ule unaotazama bahari. Mazingira hayo ndiyo yanayoufaa mwangati, mti ambao ndugu zetu wa Kenya huuita mtarakwa na wataalamu huuita Juniperus procera.

Mwangati hukua polepole na huishi muda mrefu. Mbao zake zina wekundu hafifu na harufu nzuri, hupasuka kwa kufuata uzi wake, na mchwa hawazipendi. Ndiyo maana nguzo ya mwangati husimama ardhini miaka mingi bila kuoza. Lakini mti huu una tabia ambayo kila mpasua mbao hana budi kuijua. Miche yake hutaka mwanga. Chini ya kivuli cha msitu uliofunga, mwangati hauzai watoto wengi. Hupata nafasi baada ya moto au baada ya ardhi kufunguka. Kwa hiyo msitu mkubwa wa miangati mizee ni akiba iliyowekwa na karne nyingi zilizopita. Ukikatwa kwa kasi ya mashine, haurudi kwa kasi hiyo.

Nao msitu haukuwa mtupu. Washambaa walikaa zaidi kwenye miteremko ya kati, penye migomba na mashamba. Wambugu, watu wa ng'ombe, walikaa juu zaidi, na maeneo ya wazi yaliyo kati ya misitu ya Shume yalikuwa malisho yao. Walijua ni msimu gani wa kupandisha mifugo na ni msimu gani wa kuishusha. Hawakuweka uzio, hawakulima kila kipande, na hawakuandika mahali popote kwamba nyasi hizi ni zetu. Haki yao ilikaa katika matumizi, katika kumbukumbu za wazee, na katika makubaliano na majirani. Haki ya namna hiyo ina nguvu kubwa mbele ya jirani anayeijua. Mbele ya afisa mgeni mwenye ramani, haikuonekana kabisa.

Karatasi

Tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Ujerumani ilitoa amri kuhusu ardhi ya koloni lake la Afrika Mashariki. Amri hiyo ilisema kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali, isipokuwa pale ambapo mtu binafsi, chifu au jamii ya wenyeji inaweza kuthibitisha umiliki wake. Tafadhalini itazameni amri hii kwa utulivu. Haikumwambia mtu ahame. Haikutuma askari. Ilifanya jambo moja tu: iliugeuza mzigo wa ushahidi. Jana yake, mgeni aliyetaka ardhi ndiye aliyepaswa kueleza kwa nini apewe. Siku iliyofuata, mwenyeji ndiye aliyepaswa kueleza kwa nini asinyang'anywe.

Na ushahidi uliokubalika ulikuwa wa aina gani? Shamba lililolimwa lilionekana. Nyumba ilionekana. Lakini shamba lililopumzishwa, malisho ya msimu, msitu wa kukata nguzo na kuchuma dawa, hivyo vyote viliweza kuandikwa kuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Mkulima alipoteza sehemu. Mfugaji wa juu mlimani aliweza kupoteza karibu yote. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wambugu walikuwepo Shume. Hawakuwepo mahali amri ilipoandikwa.

Wakati huohuo, nguvu ya wenyeji ya kujibu ilikuwa imevunjwa. Ufalme wa Wakilindi waliowatawala Washambaa, uliokuwa na makao makuu Vugha, ulikuwa umedhoofishwa na vita vya urithi baada ya kifo cha mfalme Kimweri ye Nyumbai. Mwaka 1898 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vugha. Lushoto, waliyoiita Wilhelmstal, ikawa makao makuu ya wilaya. Tangu hapo hapakuwa na mahakama ya juu mlimani ambayo mwenyeji angeweza kuipelekea shauri la malisho dhidi ya kampuni.

Mwaka 1904 ikaja sheria ya pili, ya kulinda misitu. Chini yake serikali ilianza kutenga hifadhi, na hadi mwaka 1914 hifadhi hizo zilifikia karibu hekta 750,000 katika koloni zima. Hapa inatupasa kuwa waadilifu. Wapo maafisa misitu wa Kijerumani walioamini kwa dhati kwamba misitu ya milimani ni chanzo cha maji na inastahili ulinzi. Taasisi ya utafiti ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1902 katika Usambara Mashariki, ilifanya kazi ya kisayansi ambayo bado ina thamani. Na sehemu ya misitu tunayojivunia leo imesimama kwa sababu mipaka iliwekwa zamani hizo.

Lakini sheria hiyo ilikuwa na milango miwili. Mfugaji na mkulima walifungiwa mmoja: wasilishe, wasichome moto, wasikate bila kibali. Kampuni ilifunguliwa mwingine: mkataba wa kuvuna. Ng'ombe alizuiwa kwa jina la msitu, na msumeno ukaruhusiwa kwa jina hilohilo.

Soko la penseli

Kwa nini kampuni itake miti iliyo juu ya jabali, mbali na bandari? Sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya mkebe wa mwanafunzi: penseli.

Penseli nzuri huhitaji mti mlaini usiochanika ovyo, unaochongwa kwa kisu bila kuvunjika. Katika karne ya 19 viwanda vya Ujerumani, ambavyo mji wa Nürnberg na viunga vyake ulikuwa kitovu chake, vilitegemea mwangati wa Marekani, Juniperus virginiana. Eberhard Faber, wa ukoo wa Kijerumani wa watengeneza penseli, alikuwa na kiwanda cha kukata mbao za penseli huko Cedar Key, Florida. Misitu ya huko ilivunwa bila kupumzishwa mpaka miti mizuri ikawa adimu na bei ikapanda. Ndipo wafanyabiashara wakaanza kutafuta ndugu wa mti huo kwingineko duniani, na wakamkuta kwenye milima ya Afrika Mashariki.

Basi mwangati wa Shume ulitakiwa Ulaya kwa sababu msitu mwingine, ng'ambo ya bahari, ulikuwa umekwisha kuliwa. Soko lililomaliza miti ya Florida lilipohamia Usambara, lilikuja na mazoea yake. Halikuuliza mti unachukua miaka mingapi kukua. Liliuliza bei ya kuufikisha bandarini.

Reli na waya

Swali hilo la bei lilijibiwa kwanza na reli. Ujenzi wa Reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mwaka 1909 ikafika Buiko, na mwaka 1911 Moshi. Ilipovuka Mombo kuelekea Buiko ilipita Mkumbara, chini kabisa ya ukuta wa Shume. Ghafla umbali kati ya miangati na meli ukabaki ule mteremko peke yake.

Lakini mteremko huo ulikuwa mkali mno kwa reli ya kawaida, na kubeba mbao kwa mabega au kwa mikokoteni ya ng'ombe kungemeza faida yote. Kampuni ikaagiza njia ya waya kutoka kwa Adolf Bleichert & Co. wa Leipzig, mafundi waliokuwa na sifa duniani kwa kazi hiyo. Hao ndio waliojenga Argentina ile njia ya waya ya Chilecito, iliyokamilika mwaka 1905 na kupanda Milima ya Andes kwa zaidi ya kilomita 34. Njia ya Usambara ilikuwa fupi kuliko hiyo, karibu kilomita 9 kutoka Neu-Hornow hadi Mkumbara, lakini ilishuka zaidi ya mita 1,400 katika umbali huo. Ilijengwa karibu na mwaka 1910, na wahandisi wa wakati ule waliitaja kwa fahari.

Namna ilivyofanya kazi inastahili kuelezwa. Mfumo wa Bleichert ulitumia kamba mbili za chuma. Moja, nene, ilikazwa juu ya minara, na magurudumu ya vibebeo yalitembea juu yake. Ya pili, nyembamba, ilizunguka kati ya kituo cha juu na cha chini ikivuta vibebeo hivyo. Kwenye njia inayoshuka namna hii, uzito wa mzigo unaoteremka ndio unaovipandisha vibebeo vinavyorudi. Mlima wenyewe unatoa nguvu, na kazi kubwa ya mitambo ni kufunga breki. Waliobuni chombo hicho walikuwa mafundi wa kweli, na sioni sababu ya kuwanyima sifa hiyo.

Ila tuuone pia mtego uliomo. Njia ya waya haihamishwi kwa urahisi. Ikishajengwa kuelekea msitu mmoja, fedha zote zilizotumika zinausubiri msitu huohuo ulipe. Mpasua mbao mwenye msumeno wa mkono anaweza kukata mti mmoja, akapumzika mwezi, akahamia bonde jingine. Mtaji wake ni msumeno na mwenzake wa upande wa pili. Mwenye njia ya waya hana uhuru huo. Kila siku ambayo vibebeo vinaning'inia vitupu ni hasara. Kasi ya kukata haipangwi tena na umri wa miti wala na bwana misitu, inapangwa na deni. Haya ndiyo mabadiliko makubwa ambayo mashine ilileta mlimani, na ni makubwa kuliko ukali wa meno yake.

Shume haikuwa peke yake. Upande wa Usambara Mashariki, kampuni ya Deutsche Holz-Gesellschaft für Ostafrika ilijenga reli yake ndogo kutoka Tengeni hadi Sigi, njia ya upana wa sentimita 75, iliyokamilika mwaka 1910, ili kushusha magogo ya misitu iliyo jirani na Amani. Kwa hiyo katika kipindi kimoja, pande zote mbili za Usambara, chuma kilikuwa kimepanda mlima kuufuata mti.

Mikono

Tumetaja karatasi, penseli, reli na waya. Bado hatujamtaja mtu aliyeukata mti.

Kazi ya kiwanda cha mbao cha zama zile ilianza msituni. Watu wawili walisimama pande mbili za shina, shoka likafungua mdomo upande ambao mti utaangukia, kisha msumeno mrefu ukavutwa kutoka upande wa pili. Mti ukishaanguka ulipunguzwa matawi, ukakatwa magogo, yakaburutwa hadi kiwandani. Huko injini ya mvuke, iliyokula mabaki ya mbao zenyewe, ilizungusha misumeno. Miangati mizee mara nyingi huwa imeoza moyo, shina likionekana zima kwa nje na ndani likiwa tupu. Kwa hiyo miti mingi iliyoangushwa haikutoa mbao za kutosha. Baada ya kupasuliwa, mbao zilipangwa zikauke, kisha zikapakiwa kwenye vibebeo. Kila hatua ilitaka watu wengi, na kila hatua ilikuwa na hatari yake: mti unaopinda ukianguka, gogo linaloporomoka, mkanda wa mashine unaokatika.

Watu hao walipatikanaje? Baadhi yao walitoka mbali, hasa Unyamwezi na Usukuma, wakija pwani na Usambara kutafuta fedha za kodi. Lakini mabwana wa mashamba walilalamika kwamba Washambaa hawataki kuajiriwa. Ukweli ni kwamba Washambaa walikuwa na mashamba yao na hawakuona faida ya kuyaacha kwa ujira ule. Mwaka 1907 utawala wa Wilhelmstal ukaleta dawa yake: kipande. Kila mwanamume alipewa kadi, akatakiwa amfanyie kazi mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi minne. Asiyetimiza aliweza kupelekwa kwa nguvu kwenye kazi za serikali, kama vile barabara.

Nawasihi, hasa ninyi wanafunzi, mziweke karatasi hizi mbili pamoja. Ile ya 1895 iliuhesabu msitu kuwa hauna mwenyewe. Ile ya 1907 ilizihesabu siku za mtu kuwa si zake zote. Kati ya karatasi hizo mbili ndipo kiwanda kiliposimama. Mtu alinyimwa malisho na msitu, kisha akadaiwa nguvu zake zitumike kuvuna kile alichonyimwa. Hakuna injini ya mvuke ambayo ingeweza kufanya hivyo yenyewe.

Vita na warithi

Utawala huo haukudumu. Mwaka 1914 vita vilianza, na meli za kupeleka mbao Ujerumani zikakoma. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini chini ya Jenerali Jan Smuts yaliteremka kufuata Reli ya Usambara, yakachukua Mombo na Wilhelmstal. Baada ya vita mali za Wajerumani zilitaifishwa na kuuzwa kama mali za adui.

Mtu angetarajia kwamba hapo Wambugu wangerudishiwa malisho yao. Haikuwa hivyo. Mwenyewe alibadilika, karatasi ilibaki. Serikali ya Tanganyika chini ya Waingereza iliunda idara ya misitu, ikatunga sheria yake mwaka 1921, na kwa jumla ikairithi mipaka ya hifadhi za Wajerumani. Uvunaji wa miangati uliendelea. Pale miti ya asili ilipoondoka ilipandwa mingine inayokua haraka, na leo uwanda wa Shume una shamba kubwa la serikali la misindano na misaiprasi. Ni miti yenye faida, inayoleta ajira na mapato, lakini si msitu uliokuwepo.

Hata uhuru haukulifunga suala hili mara moja. Katika Usambara Mashariki, kiwanda cha Sikh Saw Mills cha Tanga, kikiwa mali ya umma, kilipata msaada wa Finland kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na misitu ya asili ikavunwa kwa mashine kubwa. Wanasayansi walipiga kelele, wakionyesha kwamba milima hiyo ina viumbe visivyopatikana popote pengine duniani, na katika miaka ya 1980 uvunaji huo ukasimamishwa. Mwaka 1997 Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ikatangazwa. Magamba, jirani ya Shume, nayo leo ni hifadhi ya mazingira asilia. Nashukuru kwamba ulinzi huo upo. Nasema tu kwamba katika mabadiliko yote hayo, kutoka Mjerumani hadi Mwingereza, kutoka serikali ya kikoloni hadi shirika la umma, swali la kwanza lilimruka mwanakijiji: nani aliulizwa kabla ya uamuzi?

Tunachopaswa kukifanya

Huenda mtu akasema: Mzungumzaji, haya ni ya zamani. Namjibu kwa sheria zetu wenyewe. Mwaka 1999 Bunge letu lilipitisha sheria mbili za ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaipa jamii ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake, na hilo ni jambo kubwa ambalo mababu zetu wa Shume hawakulipata. Lakini Sheria ya Ardhi, katika kueleza maana ya ardhi ya jumla, inajumuisha pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Wanasheria wamejadili mgongano huo kwa miaka mingi. Mimi, nikiwa msomaji wa historia, nausikia ndani yake mwangwi wa mwaka 1895. Nani ataamua kwamba ardhi haitumiki? Malisho yaliyopumzishwa hadi mvua zijazo yanatumika au hayatumiki? Msitu ambao kijiji kimeuacha makusudi ili kulinda chemchemi, unatumika au hautumiki?

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imetupa chombo ambacho hakikuwepo. Kijiji kinaweza kutenga msitu wake wa hifadhi, kikaweka kanuni zake, kikapata mapato yake. Na pale hifadhi ni ya serikali, kijiji kinaweza kuingia makubaliano ya kuisimamia kwa pamoja. Vijiji vilivyofanya hivyo vimegeuza mzigo wa ushahidi urudi mahali pake. Mvunaji anayekuja na kibali hukuta watu wenye ramani, kumbukumbu za mikutano na sheria ndogo zilizopitishwa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila kijiji kilicho kandokando ya msitu kiwe na cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi bora ya ardhi, na mpango huo uyataje malisho, mapumziko ya mashamba na misitu kwa majina, ili pasiwepo mahali pa kuandika neno "tupu". Pili, mkataba wowote wa kuvuna mbao usomwe kwa deni lake pamoja na idadi yake ya miti. Tuulize mitambo imegharimu kiasi gani na itapaswa kulipwa kwa miaka mingapi, maana hapo ndipo kasi ya kukata inapojulikana mapema. Tatu, wafugaji wakae mezani tangu kikao cha kwanza, wasiitwe siku ya kuambiwa mpaka umekwisha kupimwa.

Kiwanda cha Shume kinatufundisha kwamba msitu hupotea katika ofisi kabla ya kupotea mlimani. Basi na ulinzi wake uanzie hukohuko, katika mikutano mikuu ya vijiji, katika daftari la mtendaji, katika kila saini tunayoitia au kuikataa.